Ulezi Uliokwisha Barazani

Baraza la baba yangu lilikuwa na wazee saba na mtungi mmoja, na kati ya hivyo viwili, mtungi ndio uliokuwa na masharti makali zaidi. Mzee aliweza kuchelewa, kuugua, au kununa akabaki kwake, na mazungumzo yakaendelea. Mtungi ukikosekana, hakuna aliyefungua kinywa. Kwetu Wangoni kikao kikavu kilikuwa cha msiba tu. Wazee waliokutana bila ugimbi, yaani pombe yetu ya ulezi, walikuwa wamekutana kuzika.

Nayaandika haya kwa sababu wajukuu zangu wawili wamo katika chama kimoja na siku hizi hawasemezani. Mmoja anasema viongozi wametumia mno fedha za chama, mwingine anasema wenzake wamekubali mno kila wanachoambiwa. Wanakuja kwangu kwa zamu, kila mmoja ananieleza ubaya wa ndugu yake, na wote wawili wanakula ugali wangu bila kubishana. Wakiondoka huwa nacheka peke yangu. Kisha kicheko kinaniishia, maana nakumbuka.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya vita vya Maji Maji. Wakubwa wetu walikuwa wamekwisha kunyongwa pale Songea, na askari wa Mjerumani walikuwa wamepita vijijini wakichoma maghala. Kila mtu wa rika langu anajua tulichokula baada ya hapo, na sina hamu ya kukitaja. Njaa ilikuwa imeanza kulegea. Tulikuwa tumeshuka kutoka vilimani na kujenga vibanda upande wa Mshangano, juu ya majivu ya nyumba zetu za zamani. Mazizi yalikuwepo, ila ng'ombe hawakuwepo. Wazee waliendelea kukaa humo zizini kama walivyozoea, wakizungukwa na miti mitupu, wakizungumza kana kwamba wanyama wako malishoni na watarudi jioni.

Waliorudi walikuja na ulezi, kila mmoja kiasi chake. Huyu aliuficha pangoni, yule aliuzika ndani ya chungu kilichozibwa kwa udongo, mwingine aliushona ndani ya ngozi akawa anaulalia. Wazee wakaamua jambo ambalo hadi leo nalisifu. Ulezi wote ukusanywe mahali pamoja, mtu asile hata konzi, na mvua zikikaribia ugawiwe nyumba zote uwe mbegu. Wakasuka kihenge kimoja kikubwa, wakakikandika udongo, wakakiweka uani kwa baba kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa baraza. Mama akawa mlinzi wake. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Kihenge kilikuwa karibu na jiko lake, basi.

Mimi nilikuwa mjane, na mgongoni nilikuwa na mtoto wa kike ambaye alikuwa hajaanza kusema. Mume wangu alikuwa mtu wa Lusewa. Alikuja kwetu akiwa kijana, akakaa, akanioa, akafa vitani. Njia zilipoanza kupitika tu, kaka yake alituma watu: anirithi mimi na mtoto, kama ilivyokuwa desturi. Sikumjua mtu yule. Nilisikia tu kwamba ameingia dini ya pwani, anavaa kofia nyeupe na hagusi pombe, na kwamba ana wake wawili tayari. Baba aliwajibu wajumbe kwa upole kwamba binti yake amekwisha kulima shamba, aachwe avune kwanza, mengine yatazungumzwa baadaye.

Na shamba lilikuwepo kweli. Nililifyeka mwenyewe, nikachoma magugu, nikalima kwa jembe lililolika hadi likafanana na kijiko. Kilichobaki ni mbegu. Nikipata fungu langu la ulezi nitakaa kwa mama yangu, nile changu, na watu wa Lusewa wangoje hadi wachoke. Nisipolipata, baba hatakuwa na la kuwaambia. Mambo yangu yote yalikuwa ndani ya kile kihenge, na ndiyo maana nilikitazama kuliko nilivyotazama mbingu.

Ndipo Boma, yaani serikali ya Mjerumani kule Songea, likataka barabara.

Habari ililetwa na jumbe wetu, mtu wa Boma pale kijijini. Alikuwa mmoja wa wale wazee saba, binamu ya baba, na Wajerumani walikuwa wamempa koti lenye vifungo vya shaba ambalo alilivaa hata kwenye jua kali, jasho likimtiririka hadi viganjani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeona kamba ya kunyongea kwa karibu mno, na tangu siku ile alitaka Boma lifurahi, lifurahi zaidi, lifurahi kupita kiasi. Alisema kila kijiji kitoe wanaume wa kufyeka barabara ya kwenda mashariki, na kila kijiji kiwalishe watu wake. Kijiji kitakachopeleka watu bila chakula, watu hao watafanya kazi na njaa hadi barabara iishe, hata mvua ziwakute huko. Kijiji kisichopeleka watu kitatembelewa na askari.

Baraza likagawanyika siku hiyo hiyo. Jumbe alitaka karibu ulezi wote uende barabarani, Boma lione kwamba sisi ni watu wema. Mbegu tutaomba misheni, alisema. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba wa tumbo moja, akasema hata punje moja haitatoka. Ulezi ni wa mashamba, barabara ni ya Mjerumani, na anayeitaka ailishe mwenyewe. Baba akasimama katikati. Alitaka sehemu ndogo itolewe, wanaume waende nayo, wamalize haraka na kurudi kupanda kabla ya mvua. Nyingine yote ibaki.

Ukisikia hivyo utadhani walikuwa wakibishana juu ya ulezi. Sivyo. Wakati wa vita, yule mganga alipokuja na dawa yake ya maji, baba mdogo aliinywa, akawanywesha na wanawe, wakaenda kupigana. Baba alikataa. Alichukua wanawake, wazee na watoto akatupeleka vilimani, na ndiyo sababu mimi ni mzima. Baba mdogo alirudi peke yake. Tangu hapo, kila neno la baba kuhusu kuelewana na Boma lilikuwa kwake tusi kwa wanawe, na kila neno lake la kukataa lilikuwa kwa baba kaburi jingine linachimbwa. Walipendana. Hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu, kwa kuwa watu wasiopendana wangekwisha achana wakapumzika.

Sasa, ili wazee waamue, walihitaji kukutana. Ili wakutane, walihitaji ugimbi. Zamani kila nyumba ilileta ulezi wake kwa ajili ya mtungi wa baraza. Mwaka ule hakuna nyumba iliyokuwa na ulezi isipokuwa ule wa kihenge.

Mama alimwendea baba akamuuliza, "Nichote wa baraza?"

"Chota kidogo," baba akasema. "Kikao ni kimoja tu."

Anayejua kupika ugimbi anajua kwamba hauna njia ya mkato. Unaloweka ulezi, unauacha uote, unauanika, unausaga uwe kimea, unapika uji, unachanganya, unangoja uchachuke. Na ulezi ukishaota kwa ajili ya kimea, umekwisha. Hauwi tena mbegu, hata ukiulilia. Kila mara mama alipomwaga ulezi ndani ya maji nilihisi kama ananimwagia mimi, lakini sikusema kitu, kwa kuwa kikao kilikuwa kimoja tu.

Walikutana. Mama kama kawaida aliingia zizini kwanza, akapiga magoti, akachota kwa kata, akaonja mbele ya wote, maana mpishi ndiye huanza ili watu wajue hakuna sumu. Kisha akatoka. Mimi nilibaki kuwamiminia kwa kufuata umri wao, na nikimaliza nilirudi mlangoni pa zizi kungoja kuitwa.

Walizungumza vizuri sana. Wazee wetu walikuwa wasemaji, kila mmoja alianzia mbali, kwenye safari ya babu zetu kutoka kusini, ndipo afike polepole kwenye jambo lenyewe. Jua likapinduka, mtungi ukaisha, neno halijapatikana. Wakaahirisha.

Kikao cha pili kikahitaji mtungi wa pili.

Nakumbuka baba mdogo kwenye kikao cha tatu, au cha nne. Alisimama wima, mkono mmoja juu, mwingine umeshika kata tupu, sauti yake ikisikika hadi mtoni: "Nasema hata punje moja! Hata punje moja haitatoka kwenye kihenge kile!" Kisha, bila kuniangalia, akanielekezea kata nimjazie. Nikamjazia. Nilitamani kucheka na nilitamani kumwaga mtungi wote miguuni pake.

Na jumbe naye alikunywa, na baba alikunywa. Wanawake wote wa kijiji walikwisha elewa. Tukiwa mtoni hatukuzungumza jingine. Mke wa baba mdogo, mwanamke mchangamfu ambaye hata njaa haikumnyamazisha, alisema kwamba kwa mwendo ule Boma halitapata ulezi, mashamba hayatapata ulezi, na watakaonenepa ni wale saba peke yao. Tulicheka hadi tukashika mbavu. Halafu kila mmoja akainama kuchota maji yake, kicheko kimekatika.

Mama alimwambia baba. Nilikuwepo, nilikuwa nikimnyonyesha mtoto karibu na moto.

"Baba Fulani," alisema, akitumia jina la kaka yangu aliyekufa, "unajua ulezi umefika wapi?"

"Najua."

"Basi kutaneni bila mtungi."

Baba alisukuma kijinga motoni. Kisha akasema, "Nikiita kikao kikavu, mdogo wangu atasema nimeita matanga ya wanawe kwa mara ya pili. Ataondoka. Akiondoka yeye, nusu ya kijiji inaondoka naye. Tukiwa nusu, Boma litatuokota kama kuni." Akasugua macho. "Safari hii tutamaliza. Nimeona dalili. Pika mtungi mmoja wa mwisho."

Kila mtungi ulikuwa wa mwisho. Sisemi kwamba baba alikuwa mlevi au mpumbavu. Alikuwa akinunua subira ya ndugu yake kwa kitu pekee alichokuwa nacho, na hakuona bei kwa kuwa kila safari ilikuwa ndogo. Nimewaona watu wenye shule nyingi wakifanya hivyo hivyo kwa vitu vikubwa zaidi.

Siku ilifika mama akaenda kuchota ulezi wa kuloweka, akaingiza mkono kihengeni. Mwanzoni ulezi ulimfika kwenye kifundo cha mkono tu. Siku hiyo alizamisha mkono hadi kwapani, shavu limebanwa kwenye ukingo, ndipo vidole vikagusa. Akautoa mkono, akakung'uta vumbi, akarudisha kifuniko. Hakuchota. Hakumwambia baba. Aliniambia mimi kwamba kikao kijacho watakunywa maji ya mto.

Asubuhi ya kikao tulienda mtoni pamoja, tukateka maji safi, tukayajaza kwenye mtungi wa baraza. Mama alifunika kwa majani mabichi ya mgomba kama siku zote. Nilikuwa na hofu kidogo na furaha nyingi. Nilidhani watashangaa, watafoka, kisha wataona aibu na kumaliza maneno yao. Mama naye alidhani hivyo. Aliniambia baadaye kwamba kichwani mwake kulikuwa na ulezi tu, ulezi, ulezi, na jambo lile jingine halikumjia kabisa.

Tuliingia. Wazee walikuwa wamekaa duara. Mama akapiga magoti, akafunua mtungi, akachota, akanywa, akafuta midomo kwa kiganja. Hakutoka kama kawaida. Alibaki pale magotini. Mimi nikachota, nikampelekea baba, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa.

Baba alitazama ndani ya kata. Niliona mkono wake umesimama hewani. Akainamisha kata kidogo, na wote wakaona jinsi kilichomo kilivyo cheupe.

Hakuna aliyefoka. Ndipo nikaelewa. Wanaume wamekaa duara ndani ya zizi, na mwanamke anawapitishia maji ndani ya kata moja. Vita vyote vilikuwa vimeanza hivyo. Katika zizi lile lile, wengine miongoni mwa hao hao walikuwa wamekaa vile vile, wakapokezana maji ya mganga na kuambiwa risasi zitayeyuka. Na Boma lilijua. Watu walikuwa wamenyongwa kwa kuonekana tu wakinywa.

Jumbe ndiye aliyesimama kwanza. Vifungo vya koti lake vilikuwa vinatikisika.

"Mnanitakia nini?" akasema kwa sauti ndogo. "Barabarani pale kuna askari wanapita kila siku. Wakiona hivi, nani atawaambia kwamba ni kiu?"

Mama akasema, "Ni maji ya mto. Nimeyateka mimi na binti yangu. Hayana dawa yoyote."

"Kwa nini umetuletea maji?" baba akauliza.

"Ulezi mmekwisha kuunywa," mama akajibu. "Kama mnabisha, nendeni mkatazame."

Mzee mmoja akaanza kusema kwamba tangu lini mwanamke anajibu ndani ya zizi, lakini baba mdogo akamnyamazisha kwa mkono. Alikuwa akiitazama ile kata iliyokuwa mkononi mwa baba. Uso wake haukuwa na hasira.

"Mara ya mwisho kunywa maji humu," alisema, "nilikuwa na wanangu wawili. Mmoja huku, mmoja huku." Akagusa ardhi kulia kwake, kisha kushoto. "Mdogo alikunywa nusu, akasema amekinai. Mimi ndiye niliyemwambia amalize."

Hakuwa amewahi kulisema hilo kabla, hata kwa mkewe. Baba alikunywa kidogo, kisha akamwelekezea kata. Tangu vita hawakuwa wamepokezana kitu mkono kwa mkono. Kila mara nilipita mimi katikati yao. Siku hiyo nilisogea pembeni. Baba mdogo akaipokea, akanywa hadi chini, akakaa ameishika muda mrefu.

"Tufungue kihenge," akasema mwishowe.

Wakaenda wote, wakakiinamia mmoja mmoja kama watu wanaotazama kisima. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Wangemlaumu nani? Waliporudi zizini hawakuanzia kwenye safari ya babu zetu. Baba mdogo alisema apewe jumbe kapu moja la ulezi wa barabara, watu wetu wasife njaa huko, na yeye mwenyewe atakwenda kufyeka. Ungeona jinsi baba alivyomtazama. Jumbe alikuwa bado amesimama, hajagusa kata.

"Nikinywa, mimi ni mwenzenu," alisema. "Nisipokunywa, mimi ni shahidi. Basi nipeni cha kupeleka Bomani leo leo, ili nikiulizwa mlikutana kwa ajili ya nini, kapu lijibu."

Likawekwa kapu miguuni pake. Akainama, akachota mwenyewe, akanywa, koti likalowa kifuani. Katika vikao vyote vile, ndiyo mara ya kwanza wote saba kuwa upande mmoja.

Ukabaki ule wa mbegu, na hapo hata mimi niliyekuwa mlangoni niliona kwamba hautoshi. Walijaribu kuugawa kwa mdomo hivi na vile. Ukigawiwa nyumba zote, kila nyumba itapata kiasi cha kumwagia kuku, na hakuna atakayevuna kitu cha maana. Mzee mmoja, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akisema jambo baya, akasema polepole kwamba nyumba zisizo na mwanamume zingoje mwaka mwingine. Alisema wajane wana ndugu, wana wakwe, wana misheni. Alisema ni vigumu, lakini ni afadhali nyumba chache zivune ziwakopeshe wengine.

Wote walimtazama baba, kisha wakatazama chini kwa adabu, kwa maana walijua nani yuko mlangoni na mtoto mgongoni.

Angeweza kukataa. Nimeligeuza jambo hili maisha yangu yote, na kila upande naona kwamba angeweza. Ila angekataa kwa ajili ya nani? Wangesema mkubwa anampendelea binti yake. Baba mdogo, aliyekuwa ametoka kupokea maji mkononi mwake, angekuwa na sababu ya kumpokonya kila kitu. Baba hakuniangalia. Alisema maneno matatu tu.

"Anzeni na wangu."

Mama, aliyekuwa bado magotini, akainuka, akabeba mtungi wake, akatoka. Alinipita bila kunigusa. Nadhani kama angenigusa angepiga kelele.

Mvua za kwanza hazijanyesha bado, watu wa Lusewa walikuja. Safari hii baba hakuwa na jibu, nami sikumtaka atafute. Nyumba zilizopata ulezi zilipanda. Wanaume walikuwa barabarani na kapu lao, baba mdogo akiwa mbele na panga, na askari hawakuja kijijini kwetu mwaka ule. Shamba langu alipewa mke wa baba mdogo, kwa kuwa lilikuwa tayari limelimwa. Alikuja kuniambia mwenyewe, akalia sana, nikamwonyesha upande ambao udongo ni mzuri.

Siku ya kuondoka baba alinisindikiza. Watu wa Lusewa walitangulia kidogo na mzigo wangu, wakituachia nafasi. Tulipita pale wanaume wetu walipokuwa wakifyeka. Baba mdogo alisimama, akavua kilemba chake cha kitambaa, akakishika kifuani hadi tukapita. Baba alitembea nami zaidi ya inavyopasa baba kumsindikiza binti, akizungumza juu ya njia, juu ya mito ya kuvuka, juu ya mtoto asilale bila kufunikwa.

"Baraza halikuvunjika," akasema.

"Halikuvunjika, Dadi," nikasema. Hivyo ndivyo tunavyomwita baba kwetu.

"Umenikasirikia?"

"Nimekukasirikia."

Akaitikia kwa kichwa. Tulitembea tena kidogo. Mtoto alikuwa amelala, nilihisi joto la pumzi yake shingoni.

"Wewe ungefanyaje?" akaniuliza, na halikuwa swali la mzee anayetaka kushinda. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Nilitaka kumwambia kwamba ningesema mimi kwanza, mwanangu kwanza, wengine baadaye. Nilikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini nilimwona mdogo wake kule nyuma akifyeka, na nilimkumbuka mama na shavu lake kwenye ukingo wa kihenge, na uongo ukakataa kutoka.

"Ningefanya hivyo hivyo," nikasema.

Nilidhani neno hilo litampunguzia. Baba yangu, ambaye hakulia siku wakubwa wetu walipoangikwa, wala siku alipomzika mwanawe kule vilimani, alikaa chini kando ya ile barabara mpya, akaweka kichwa juu ya magoti, akalia kwa sauti. Nikamgusa begani. Alinishika mkono, akaung'ang'ania, kisha akauachia mwenyewe.

Watu wa Lusewa walikuwa wamekwisha fika kwenye kona. Nikamkaza mtoto mgongoni, nikaongeza mwendo niwafikie.